Potasiamu ya kibanja, ya luseni na ya mbugani

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nalima Muleba mkoani Kagera, upande wa ziwani. Kwenye kibanja changu cha ekari moja migomba inanisumbua: majani ya chini yanageuka manjano karibu na rangi ya chungwa, yanakauka kuanzia nchani na kujikunja, na mikungu ni midogo. Bwana shamba alisema ni upungufu wa potasiamu. Nilinunua mfuko mmoja wa mbolea ya NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) 17:17:17, nikamwaga, sikuona tofauti. Basi nikapeleka udongo maabara, na nikaongeza wa mashamba mawili ya ukweni Misungwi: moja la mchanga, luseni, tunalolima mihogo, na jingine la mbuga nyeusi la mpunga. Majibu ya potasiamu yalikuja hivi: kibanja karibu na nyumba 0.90, kibanja mwishoni 0.14, luseni 0.10, mbuga 0.75. Je, nitie potashi kiasi gani kila shamba? Na majivu ya jikoni hayatoshi?*

Marahaba, mwalimu. Kwanza nikupongeze kwa kupima kibanja mara mbili, karibu na nyumba na kule mwishoni. Wengi huchota huku na kule, wakachanganya kwenye ndoo moja. Ungefanya hivyo ungepata 0.52, karatasi ingekuambia potasiamu inatosha, na migomba ya mwishoni ingeendelea kufa njaa ukiwa na cheti mkononi kwamba imeshiba.

Kabla ya mbolea, tuhakikishe kwanza kwamba hii ni njaa na si maradhi, maana Kagera imeshaumizwa na maradhi ya migomba. Kata shina la mgomba mmoja ulioathirika. Ukiona mistari ya kahawia au nyekundu ndani ya magamba ya shina, huo ni mnyauko fusari, ambao hupenda zaidi baadhi ya ndizi za kuiva na za pombe kuliko ndizi zetu za kupika. Ukisubiri dakika chache na usaha wa njano ukaanza kuchuruzika, ni unyanjano, yaani mnyauko wa bakteria, na hapo mwite afisa ugani haraka wala usitumie panga hilo kwenye mgomba mwingine. Shina likiwa safi, rudi kwenye majani. Njaa ya naitrojeni hupausha jani zima. Njaa ya magnesi huweka manjano katikati ya bapa huku ukingo ukibaki kijani kwa muda. Njaa ya potasiamu ndiyo uliyoieleza: jani kuukuu, rangi ya chungwa, kukauka kutoka nchani na ukingoni, kujikunja. Ulivyoandika, naamini bwana shamba wako aliona sawasawa. Kosa lilikuja baadaye, kwenye kipimo cha dawa.

Sababu ya kuanzia majani ya chini ni kwamba mmea haujengi kitu chochote kwa potasiamu. Naitrojeni huwa protini, kalisi huwa ukuta wa seli, lakini potasiamu hubaki imeyeyuka ndani ya maji ya mmea ikizunguka na kufanya kazi: hufungua na kufunga vitundu vya jani vinavyopumua, na husaidia kusafirisha sukari kutoka jani hadi kwenye tunda. Ikipungua, mmea huinyang'anya jani la zamani na kulipa changa. Mkungu nao, unaosubiri hiyo sukari, hubaki na vidole vyembamba.

Sasa tuje kwenye namba zako. Umezipanga nne kwenye mstari mmoja kana kwamba ni za kitu kimoja. Hapo ndipo wengi hupotea, hata sisi tuliosomea udongo tukiwa na haraka.

Fikiria mali ya mtu. Ana pesa mfukoni, anaitumia saa yoyote. Ana pesa kwenye kibubu, anavunja akihitaji. Ana pesa aliyomkopesha shemeji, inarudi, lakini kidogo kidogo na kwa wakati anaoutaka shemeji. Na ana shamba la urithi, ambalo ni mali kubwa kuliko zote ila hawezi kununulia chumvi. Potasiamu ya udongo iko hivyo hivyo. Iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo ndiyo ya mfukoni, na ni kiasi kidogo mno. Iliyoshikwa juu ya uso wa chembe za mfinyanzi na mboji ni ya kibubu. Iliyobanwa katikati ya matabaka ya mfinyanzi wa aina fulani ni ya shemeji. Na zaidi ya asilimia 90 ya potasiamu yote iko ndani ya madini yenyewe, kama feldispa na maika, ikisubiri mwamba uoze. Maabara imekuhesabia mfuko na kibubu tu. Haikugusa ya shemeji wala ya urithi. Ndiyo maana namba ile ile huwa na maana tofauti kwenye udongo tofauti.

Tuanze na kibanja, kwa sababu ndicho kinachokuuma.

Ukanda wa ziwani wa Kagera hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania bara; kuna maeneo yanafika milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya udongo wake umetokana na mawe ya mchanga ya zamani sana, na mvua hiyo imeuosha kwa muda usiohesabika. Mfinyanzi uliobaki ni kaoliniti. Huu hauna matabaka ya kubania potasiamu, kwa hiyo hauna shemeji, na wala hauna urithi wa kutosha ndani ya madini. Ulicho nacho ni kibubu tu, tena kibubu kidogo. Kinachokikuza ni mboji. Ndiyo maana karibu na nyumba umepata 0.90: pale panatupwa maganda ya ndizi, majivu, kinyesi cha mbuzi na takataka za jikoni tangu enzi za babu yako. Mwishoni mwa kibanja hafiki mtu na ungo.

Wazee wa Buhaya walilijua hili bila maabara. Nyasi zilikatwa kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya vibanja, zikabebwa na kutandazwa kibanjani. Ng'ombe walilishwa rweya na samadi yao ikaja kwenye migomba. Kwa maneno mengine, potasiamu ya eneo kubwa la nyasi ilikusanywa na kumwagwa kwenye eneo dogo. Kibanja hakikuwa na rutuba ya asili, kilikuwa kinalishwa. Leo sehemu nyingi za rweya zina miti ya kupandwa, ng'ombe wamepungua, na aliyekuwa akibeba nyasi yuko Mwanza anaendesha bodaboda. Tena zamani ndizi zililiwa hapo hapo, maganda yakarudi shambani, na hata lubisi, pombe ya ndizi, ilinywewa jirani ikaishia kwenye choo cha kibanjani. Leo mkungu unapanda lori.

Sasa hesabu. Ekari moja ya udongo, kina cha sentimita 20, ina uzito wa takriban kilo milioni moja. Huu ni ulinganifu mzuri sana kwa mkulima, kwa sababu miligramu moja kwa kilo ya udongo inakuwa sawa na kilo moja kwa ekari. Namba za maabara yako ziko kwenye kipimo cha sentimoli, na kwa potasiamu unazidisha kwa 390. Kwa hiyo 0.14 ni miligramu 55 kwa kilo, yaani kilo 55 hivi za potasiamu ya kibubu kwa ekari nzima. Karibu na nyumba, 0.90 ni kama kilo 350 kwa ekari.

Linganisha na kinachotoka. Tani moja ya mikungu huondoka na takriban kilo 5 za potasiamu. Ukivuna tani 6 kwa ekari kwa mwaka na kuziuza, umeuza kilo 30. Kutoka kwenye kibubu cha kilo 55! Na mfuko wako wa NPK je? Namba 17 ya mwisho ni asilimia ya oksidi ya potasiamu, si potasiamu yenyewe. Ndivyo viwanda vinavyoandika tangu zamani, na huwapotosha watu kila siku. Mfuko wa kilo 50 una kilo 8.5 za oksidi, ambazo ukizigawanya kwa 1.2 unapata kilo 7 za potasiamu. Umelipa deni la tani moja na nusu ya ndizi. Hukuona tofauti kwa sababu tofauti haikuwepo ya kuonekana.

Unachohitaji ni potashi yenyewe, ile inayoandikwa MOP au kloridi ya potasiamu. Ina asilimia 60 ya oksidi, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 25 za potasiamu. Kwa sehemu iliyochoka lenga kilo 60 kwa ekari kwa mwaka: nusu ya kulipia mavuno, nusu ya kukuza kibubu. Hiyo ni kilo 120 za potashi kwa ekari. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 una mashina kama 450, kwa hiyo kila shina linapata gramu 270 hivi kwa mwaka. Usiziweke kwa mpigo. Zigawe mara tatu au nne, gramu 70 hadi 90 kila mara, uzipige mwanzoni mwa mvua na katikati ya msimu, kamwe si siku ambayo mawingu yamebeba gharika. Fungua matandazo, zungushia duara umbali wa hatua moja hivi kutoka shinani, funika tena. Karibu na nyumba usiweke hata punje, 0.90 inatosha, na potasiamu ikizidi sana mmea hushindwa kuchukua magnesi. Ukiponya njano moja utaleta nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo tazama pH, kipimo cha uchachu wa udongo, kwenye karatasi yako, ambayo hukunitajia. Ikiwa chini ya 5.5 kule mwishoni, chokaa ya dolomiti itapandisha pH na kuleta magnesi pamoja, na potashi itapata mahali pa kukaa. Naitrojeni pia isisahaulike. Mgomba wenye njaa mbili haushibi kwa chakula kimoja.

Lakini nisingependa ununue potashi halafu uendelee kuvujisha. Sehemu kubwa ya potasiamu ya mgomba haimo kwenye mkungu. Imo kwenye shina na majani. Ukivuna, shina lilale pale pale, likatwe vipande, liwe mbali kidogo na mashina mazima ili fukusi, wale wadudu wanaotoboa migomba, wasihamie. Na nyasi kavu zina kilo 10 hadi 15 za potasiamu kwa tani. Tani nne za nyasi zinakaribia dawa yote niliyokuandikia ya mwaka mzima. Nyasi zikipatikana karibu, mlipe mtu azikate kabla hujamlipa mwenye duka.

Tuhamie ukweni. Luseni ina 0.10, ndogo kuliko zote, kilo 39 kwa ekari. Utadhani hali yake ni mbaya kuliko ya kibanja. Si lazima. Chukua kiganja cha mchanga huo, uoshe, uangalie juani. Luseni ya Usukumani imetokana na mawe ya itale, yale yale yaliyopangana kama vichuguu vya majitu kando ya barabara ya Mwanza. Kati ya chembe zake utaona nyeupe za maziwa na za waridi. Nyingi ya hizo ni feldispa yenye potasiamu. Huo ndio urithi ambao maabara haikuuhesabu, na unayeyuka polepole kila mwaka. Mchanga wa pwani, ambao karibu wote ni kwatzi, hauna mali ya namna hiyo, ingawa kwenye karatasi ungeweza kuonyesha 0.10 ile ile. Ndiyo maana sipendi kushauri kwa namba bila kuuliza udongo ulizaliwa na jiwe gani.

Hata hivyo urithi wa polepole hauwezi kushindana na mihogo inayovunwa mfululizo. Tani moja ya mihogo mibichi huondoka na kilo 2 hadi 4 za potasiamu. Ekari ikitoa tani 4, mmepoteza kama kilo 12, na zaidi kama shina na majani yanaondolewa pia. Uwezo wa mchanga huo kushika virutubisho ni mdogo sana, kwa hiyo potashi ikimwagwa nyingi kwa mara moja, mvua mbili kubwa zinaishusha chini ya mizizi. Weka nusu mfuko kwa ekari, ugawe mara mbili: mwezi mmoja baada ya kupanda na tena mwezi wa tatu. Ila dawa bora ya luseni ni samadi, na hapo nina neno la kumwambia shemeji yako wa kweli kule ukweni, si yule wa mfano wangu. Potasiamu nyingi anayoitoa ng'ombe iko kwenye mkojo, si kwenye mavi. Zizi la udongo mtupu, lililo wazi kwa mvua, hupoteza karibu kitu cha thamani zaidi kilichokuwa humo. Atandike mabua au maranda, yalowe, yachanganyike na mavi, kisha arundike chini ya kivuli na kufunika. Tofauti ya samadi hiyo na ile ya kukwangua zizini wakati wa kiangazi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mbuga ina 0.75, sawa na kilo 290 kwa ekari. Usiweke potashi. Lakini usiifikirie kuwa tajiri kama pale nyumbani kwako kwenye 0.90, japo namba zinakaribiana. Mfinyanzi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi mpaka mguu unazama, una uwezo mkubwa wa kushika, na nafasi nyingi zimekaliwa na kalisi na magnesi. Angalia mstari wa CEC, yaani kipimo cha uwezo huo wa kushika, kwenye karatasi. Kwa udongo mweusi kama huo si ajabu kukuta 40 au zaidi. Potasiamu ya 0.75 ndani ya 40 haifiki asilimia 2 ya nafasi zote. Kwenye udongo wenye CEC ya 18, 0.90 ni asilimia 5. Yaani huku mbugani pesa ipo, ila kibubu ni kikubwa na mdomo wake mwembamba. Tena baadhi ya mfinyanzi huo una matabaka ya kubana. Ukimwaga potashi kidogo kidogo, sehemu yake inaenda kwa yule shemeji wa mkopo kabla mpunga haujaiona.

Kinachowaokoa ni maji. Majaruba yakifurika, chuma na manganizi za udongo hubadilika hali, huyeyuka, na kusukuma potasiamu kutoka kwenye uso wa mfinyanzi hadi kwenye maji. Mpunga huo huo ukilimwa bila kufurika, au mahindi kwenye mbuga hiyo hiyo mwaka wa ukame, unaweza kuonyesha njaa ambayo mpunga wa maji hauonyeshi. Kwa hiyo ukweni wakihamia mahindi kwenye majaruba, nijulisheni.

Jambo la kuangalia pale ni majani ya mpunga. Punje hubeba potasiamu kidogo. Sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya asilimia 80, hubaki kwenye majani. Mpunga ukipigwa mahali pamoja na majani yakaachwa lundo, mwakani utaona duara moja lenye mpunga wa kijani kilichokolea na ekari iliyobaki ya kawaida. Yatawanyeni. Yakichomwa, potasiamu hubaki kwenye majivu lakini naitrojeni hupanda na moshi, na majivu huwa pale pale palipochomwa. Yakiliwa na ng'ombe si vibaya, mradi samadi irudi. Hii hairudi karibu kamwe, kwa sababu zizi liko karibu na luseni na kuisomba mpaka mbugani ni kazi. Basi potasiamu ya mbuga inahamia luseni kwa miguu ya ng'ombe, na kwa leo mimi nasema iende, maana ndiko inakohitajika.

Sasa majivu. Neno lenyewe potasiamu lilitokana na majivu ya chunguni, na alama yake K inatokana na *kalium*, ambalo mzizi wake ni neno la Kiarabu *al-qali*, majivu ya mimea. Humphry Davy alipoitenga mwaka 1807 alikipa jina kitu ambacho wapishi walikuwa wanatumia chumvi zake tangu zamani. Waluhya wa magharibi mwa Kenya bado huchuja maji kupitia majivu ya maganda ya maharage au ya ndizi, wakapata musherekha wa kulainishia mboga. Hicho kinachochujwa ni chumvi za potasiamu. Na mfano huo unakuambia mambo mawili: majivu ni potashi kweli, na maji huitoa kwa dakika chache. Majivu yaliyotupwa nje yakanyeshewa mwezi mzima yamebaki chokaa.

Kuhusu kutosha: majivu ya kuni hutofautiana, lakini tuchukue asilimia 4 ya potasiamu. Debe lenye kilo 10 za majivu makavu lina gramu 400, sawa na gramu 800 za potashi. Kupata kilo 60 unahitaji madebe 150 kwa mwaka. Jiko lako halichomi kuni nyingi hivyo, nami nisingekushauri. Lakini majivu uliyonayo yahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na, tafadhali, acha kuyamwaga karibu na nyumba penye 0.90. Yabebe hadi mwisho wa kibanja, konzi mbili kwa shina, wala usiyachanganye na samadi mbichi wala urea, kwa sababu yatafukuza naitrojeni hewani.

Kama huna hakika na ushauri wangu, na ni haki yako, acha mstari mmoja wa migomba kule mwishoni bila potashi kwa mwaka. Chagua mstari wa katikati, si wa pembeni, na uandike uzito wa kila mkungu. Mgomba haujibu kwa wiki tatu kama mchicha. Majani yaliyokwisha kukauka hayarudi, na mkungu utakaokuonyesha ukweli ni ule ambao kichipukizi chake kilikuwa kidogo siku ulipoanza.

Ukirudi maabara baada ya miaka miwili, nenda ile ile, mwezi ule ule, na uchote kabla ya kuweka mbolea: vituo 15 hadi 20 kwa kila sehemu, kina cha sentimita 20, kwa zigizaga, ukiruka penye lundo la majivu. Anika kivulini, peleka nusu kilo. Maabara nyingine inaweza kutumia kimiminika tofauti cha kutolea potasiamu, na hapo 0.14 ya leo na 0.20 ya mwaka kesho kutwa hazitalinganishika. Na safari hiyo nitajie pH.